Kuorodhesha Majarida Yanayotoka kwa Sehemu: Mwongozo kwa Wakutubi wa Vyuo Vikuu

Msomaji anayefika kwenye kaunta ya maktaba ya chuo kikuu jijini Nairobi akiwa na marejeleo yaliyoandikwa "Acta Cryst. C39, 1983" (yaani Acta Crystallographica, jarida la sayansi ya fuwele) anataka kujua jambo moja tu: juzuu hilo limo au halimo. Herufi C iliyo mbele ya namba inamwambia kwamba anatafuta jarida moja mahususi kati ya ndugu sita wanaotumia jina la ukoo mmoja, na katalogi isiyoitambua herufi hiyo itampeleka kwenye rafu isiyo yake, au itamwambia kwamba maktaba haina kitu ambacho kwa kweli inacho.

Mwongozo huu ni wa wakutubi wanaofanya kazi kwa muundo wa MARC 21 (muundo wa rekodi za kompyuta ambamo kila habari huingia katika uga wenye namba, wenye viashirio, yaani tarakimu mbili za mwanzo, na vipande kama $a) na kanuni za RDA za kueleza machapisho, hasa ndani ya Koha, programu ya kuendesha maktaba iliyoenea sana katika vyuo vikuu vya Kenya. Msimamo wake ni huu: sehemu yenye jina lake, ISSN yake (namba ya kimataifa ya kutambulisha jarida) na mfululizo wake wa majuzuu ni jarida kamili linalostahili rekodi yake, hata kama mchapishaji huliuza pamoja na nduguze kwa ankara moja. Ankara ni hati ya mhasibu, na haifai kuachiwa iamue umbo la katalogi.

Hatua ya 1: Weka matoleo mezani

Kabla ya kufungua kompyuta, leta mezani toleo la mapema zaidi mlilo nalo la kila sehemu pamoja na toleo la karibuni zaidi. Soma ukurasa wa jina, jalada, ukurasa wa yaliyomo na maelezo ya mchapishaji, kisha andika kwenye karatasi jina la pamoja, herufi au namba ya sehemu, jina la sehemu, ISSN, namba ya juzuu na ya toleo, mwezi na mwaka. Maelezo ya rekodi ya jarida hutokana na toleo la mapema zaidi linalopatikana, na toleo hilo hutajwa katika uga wa 588. Katika maktaba zetu, ambako majarida mengi yaliingia kama misaada na mfululizo ukaanzia katikati, uga huo ni wa lazima, kwa sababu ndio utakaomweleza mkutubi atakayekuja baadaye kwamba maelezo yalitolewa, kwa mfano, kwenye juzuu la 45 wala si la kwanza.

Jihadhari na majuzuu yaliyojalidiwa zamani. Mara nyingi majalada ya matoleo yaliondolewa wakati wa kujalidi ili kupunguza unene, na kwenye mgongo likapigwa chapa jina la pamoja tu, bila herufi. Ukiorodhesha kwa kutazama mgongo peke yake, utaunganisha sehemu mbili kuwa jarida moja. Fungua ndani na utafute ukurasa wa yaliyomo wa angalau matoleo mawili, moja la mwanzo wa juzuu na jingine la mwisho wake, kwa sababu si ajabu kukuta sehemu mbili zimeshonwa pamoja ndani ya jalada moja gumu.

Hatua ya 2: Amua kama kweli ni sehemu

Hapa ndipo penye uzito wote wa kazi hii, na ukipakosea, usahihi wa hatua zinazofuata hautakuokoa. Maneno kama "Section", "Part" na "Series" yakichapishwa kwenye jalada hayana maana moja. Acta Crystallographica yenyewe inalionyesha hilo vizuri: "Section C" ni sehemu ya jina la jarida, ilhali "Part 1", iliyochapishwa kwenye jalada hilohilo, ni namba ya toleo la Januari. Neno la kwanza ni la uga wa jina na la pili ni la hesabu ya matoleo. Mkutubi aliyezoea kudhani kwamba kila "Part" ni sehemu ya jina anaweza kujikuta anafungua rekodi mpya kila mwezi.

Jiulize maswali matatu. Je, sehemu hizo hutoka sambamba, kila moja ikiendelea mwaka hadi mwaka, badala ya kuwa vipande vya juzuu moja vinavyofuatana na kuisha? Je, herufi hubaki na somo lilelile siku zote, kwa mfano A ikawa fizikia na B ikawa baiolojia? Je, kila sehemu ina ISSN yake? Majibu yote yakiwa ndiyo, una sehemu za kweli. Jibu la kwanza likiwa hapana, unachokitazama ni hesabu tu, na kinakaa pamoja na namba za juzuu.

Maneno "New Series" nayo huwapotosha wengi. Kwa kawaida humaanisha kwamba mchapishaji ameanza kuhesabu upya kutoka juzuu la 1, si kwamba amezaa jarida jipya lenye somo jipya. Jina lisipobadilika, baki na rekodi ileile na uonyeshe mfululizo wa pili wa hesabu.

Kuna pia mgawanyo ulio ndani ya sehemu. Mwaka 1995 Journal of Gerontology liligawanyika kuwa Series A na Series B. Ndani ya Series A mna sayansi za baiolojia na sayansi za tiba, na kwa muda mrefu kurasa za nusu moja zilitanguliwa na herufi B na za nusu nyingine na herufi M, kiasi kwamba msomaji huleta marejeleo yenye "56A, M146". Herufi M hapo ni ya ukurasa. Series A nzima ina ISSN moja ya karatasi, 1079-5006, hutoka katika toleo moja, na hupata rekodi moja. Ukiigawa mara mbili kwa ajili ya B na M utakuwa umezidisha. Kinachofaa ni kueleza mpangilio huo wa kurasa katika uga wa maelezo, ili anayehudumu kwenye kaunta asibabaike.

Nyongeza zinahitaji uamuzi wa aina hiyo pia. Nyongeza isiyo na jina lake wala hesabu yake hutajwa kwa sentensi moja katika uga wa 525 wa jarida mama. Yenye jina na hesabu yake hupata rekodi yake. Rekodi ya nyongeza huelekeza kwa mama kwa uga wa 772, na ya mama huelekeza kwa nyongeza kwa uga wa 770.

Hatua ya 3: Jenga jina katika uga wa 245

Jina la sehemu hujengwa kwa vipande vitatu. Jina la pamoja huingia katika $a, alama ya sehemu katika $n, na jina la sehemu katika $p:

245 00 $a Acta crystallographica. $n Section A, $p Foundations of crystallography.

Tazama uakifishaji: nukta hutangulia $n, na koma hutenganisha $n na $p. Kama sehemu ina jina lakini haina herufi wala namba, $p hufuata $a moja kwa moja na hutanguliwa na nukta, si koma. Kama ina herufi tu bila jina, unaishia kwenye $n. Usibadilishe neno la mchapishaji: palipoandikwa "Series" usiandike "Section", hata kama maana unaiona ni moja.

Sharti la kuunganisha vipande hivyo ni kwamba jina la pamoja na jina la sehemu viwe vimechapishwa pamoja kwenye chanzo kimoja cha maelezo. Jina la sehemu likisimama peke yake kwenye ukurasa wa jina, huku lile la pamoja likijitokeza mahali pengine tu, basi jina la sehemu ndilo jina halisi la jarida, na lile la pamoja linashuka kuwa jina la mfululizo katika uga wa 490. Kanuni hii husahaulika sana, nadhani kwa sababu mkutubi anakuwa tayari analijua jina la ukoo na hataki kuliacha.

Kisha ongeza njia za kufikia. Jina la sehemu peke yake huingia katika uga wa 246 wenye viashirio 3 na 0, kwa kuwa ni kipande cha jina halisi:

246 30 $a Foundations of crystallography

Ongeza pia namna ambavyo wasomaji wenyewe huandika. Mwanafunzi wa kemia haandiki "Section A" anapotafuta. Anaandika "Acta Cryst A" na kubonyeza. Uga mwingine wa 246 wenye kifupisho hicho hugharimu dakika moja, na kwa maoni yangu ndio unaoleta faida kubwa kuliko nyuga zote za hiari katika rekodi hii.

Majarida ya taasisi za utafiti yanayoitwa "Bulletin" au "Annals" tu, halafu yakagawanywa kuwa Series A na B, yanahitaji jambo moja zaidi. Majina hayo yanafanana mno, kwa hiyo weka uga wa 130 wenye jina la pamoja likifuatwa na jina la taasisi kwenye mabano, na baada yake alama na jina la sehemu.

Hatua ya 4: Hakiki ISSN ya kila sehemu

ISSN ina tarakimu nane, na kila sehemu ya kweli huwa na yake. Kosa linaloonekana mara kwa mara katika rekodi zilizopakuliwa ni ISSN ya jarida mama kubaki katika rekodi za watoto wote. Kosa hilo halionekani kwa macho mpaka mfumo uanze kuunganisha makala za mtandaoni na rekodi isiyo yake.

Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi, na unaweza kuihakiki kwa kalamu. Chukua 0108-7673, ISSN ya Section A ya miaka ya 1983 hadi 2013. Zidisha tarakimu saba za mwanzo, moja baada ya nyingine, kwa 8, 7, 6, 5, 4, 3 na 2. Utapata 0, 7, 0, 40, 28, 18 na 14, ambazo jumla yake ni 107. Gawanya 107 kwa 11 na utabaki na 8. Toa 8 katika 11 na utapata 3, ambayo ndiyo tarakimu ya mwisho. Jibu likiwa 10, huandikwa X, kama ilivyo katika 0365-110X, ISSN ya jarida mama la kabla ya kugawanyika. Baki likiwa sifuri, tarakimu ya mwisho ni sifuri. Ukaguzi huu hukuambia tu kwamba namba haikukosewa katika kunakiliwa. Hauwezi kukuambia kama ni ya sehemu unayoishughulikia, kwa hiyo ilinganishe na iliyochapishwa kwenye jalada.

Jalada lenyewe likiwa na namba iliyokosewa, namba hiyo isitupwe. Iingize katika $y ya uga wa 022, ili atakayeitafuta kama alivyoiona aifikie rekodi. Iliyofutwa rasmi huenda katika $z.

Usichanganye hili na ISSN ya kuunganisha, inayoandikwa katika $l. Kazi yake ni kuunganisha toleo la karatasi na la kielektroniki la jarida moja. Haiunganishi sehemu A na sehemu B.

Hatua ya 5: Sema ukweli kuhusu namba za majuzuu

Majarida ya sehemu yana tabia ya kuanza katikati ya hesabu. Acta Crystallographica lilianza mwaka 1948, likafika juzuu la 23 mwaka 1967, na lilipogawanyika mwaka 1968 sehemu A na B zote mbili ziliendelea na juzuu la 24. Section C ilipozaliwa mwaka 1983 ilianza na juzuu la 39. Section D mwaka 1993 ikaanza na la 49. E ikafuata mwaka 2001 na F mwaka 2005. Physical Review E nalo lilianza mwaka 1993 kwa juzuu la 47, ili lilingane na wenzake walioanza kuhesabu kutoka 1 mwaka 1970.

Matokeo yake yanaonekana kwenye ripoti za mapengo. Mtu asiyejua historia hiyo hutazama rafu ya Section C, akaona inaanzia 39, na kuandika kwamba majuzuu 38 yamepotea. Majuzuu hayo hayakuwahi kuwepo. Uga wa 362 ndio unaozuia taharuki hiyo, kwa maelezo yanayosema kwamba jarida lilianza na juzuu la 39, toleo la 1, Januari 1983. Tumia kiashirio cha kwanza 1 unapoandika maelezo huru kama hayo.

Biochimica et Biophysica Acta ni fumbo jingine. Kwa miaka mingi sehemu zake zilichota namba za majuzuu kutoka mfululizo mmoja wa pamoja, kwa hiyo Biomembranes ilikuwa na juzuu la 1768 mwaka 2007, 1778 mwaka 2008 na 1788 mwaka 2009. Namba zilizo katikati zilikuwa za sehemu nyingine. Eleza hilo katika uga wa 515, kwa sentensi ambayo hata mhudumu wa rafu ataielewa. Bila maelezo hayo, kila ukaguzi wa mwaka utaripoti mapengo yaleyale, na kila mwaka mtu atapoteza asubuhi nzima kuyatafuta.

Hatua ya 6: Unganisha mzazi na watoto

Jarida linapogawanyika, rekodi ya mzazi hufungwa kwa tarehe ya mwisho na kupewa uga wa 785 kwa kila mtoto, kiashirio cha pili kikiwa 6, ambacho huonyesha kwamba liligawanyika:

785 06 $t Acta crystallographica. Section A $x 0567-7394
785 06 $t Acta crystallographica. Section B $x 0567-7408

Katika rekodi halisi, jina la $t huandikwa kamili pamoja na jina la sehemu; hapa nimelifupisha. Kila mtoto naye hupewa uga wa 780 wenye kiashirio cha pili 1, kuonyesha kwamba anaendeleza sehemu tu ya mzazi:

780 01 $t Acta crystallographica $x 0365-110X

Utaratibu huo ndio unaofaa kwa Philosophical Transactions of the Royal Society, lililoanza mwaka 1665 na kugawanyika kuwa A na B mwaka 1887, na kwa Physical Review, lililoanza mwaka 1893 na kugawanyika kuwa A, B, C na D mwaka 1970.

Usidhani hata hivyo kwamba kila sehemu ni mtoto wa jarida mama. Section C ya Acta ilirithi jina la Crystal Structure Communications, jarida lililokuwa likitoka peke yake tangu miaka ya 1970. Kiungo cha 780 cha sehemu hiyo huelekea huko. Sehemu iliyoanzishwa baadaye bila kurithi chochote haina 780 kabisa, na hakuna ubaya uga huo ukiwa mtupu.

Wengine hupenda kuunganisha ndugu kwa ndugu kwa uga wa 787. Sipendekezi. Sehemu sita zikiunganishwa zote na zote ni viungo 30, na kila sehemu moja inapobadili jina inabidi kuvipitia upya. Jina la pamoja katika $a tayari linazikusanya zote katika orodha moja ya matokeo, na hilo linamtosha msomaji.

Hatua ya 7: Jina la sehemu likibadilika, fungua rekodi mpya

Badiliko kubwa katika jina la sehemu lina uzito uleule wa badiliko katika jina la jarida lolote. Section A ya Acta ilianza mwaka 1968 kwa jina refu la fizikia ya fuwele na nadharia yake, ikawa Foundations of Crystallography mwaka 1983, kisha Foundations and Advances mwaka 2014. Hizo ni rekodi tatu zenye ISSN tatu: 0567-7394, 0108-7673 na 2053-2733. Ziunganishe kwa 780 na 785 zenye kiashirio cha pili 0, kwa sababu hapa jarida moja linaendeleza jingine lote.

Mabadiliko madogo, kama neno "and" kugeuka alama ya "&", hayahitaji rekodi mpya. Yaandike katika 246 na uendelee na kazi nyingine.

Hatua ya 8: Rekodi zinazopakuliwa

Kupakua rekodi kwa Z39.50 (itifaki ya kutafuta na kunakili rekodi za katalogi nyingine) kutoka maktaba kubwa ni jambo la busara. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi hapa Nairobi tangu mwaka 1966 inayokusanya machapisho ya Afrika Mashariki, na kwa majarida ya ukanda wetu katalogi yake mara nyingi huwa mahali pazuri pa kuanzia. Lakini kila rekodi iliyopakuliwa ikaguliwe kabla ya kuhifadhiwa. Katika Koha chagua fremu ya majarida, hakikisha nafasi ya 07 ya kiongozi, yaani mstari wa mwanzo wa rekodi, ina herufi s, na kwamba katika uga wa 008 nafasi ya 21 ina p. Nafasi ya 34 ikiwa na 0, rekodi imefuata mtindo wa kufungua rekodi mpya kila jina linapobadilika. Ikiwa na 1, ni rekodi ya mtindo wa zamani uliokusanya majina yote chini ya lile la mwisho, na haitaoana na nyingine ulizozitengeneza.

Kwa majarida ya kielektroniki yanayokuja kwa vifurushi, kama yale ambayo vyuo hupata kupitia muungano wa maktaba wa KLISC, bofya kiungo cha uga wa 856 wewe mwenyewe. Kifungue ukurasa wa sehemu husika. Kiungo kinachomtua msomaji kwenye ukurasa wa ukoo mzima, akaachwa achague kati ya herufi sita, hakijakamilisha kazi. Rekodi ya karatasi na ya kielektroniki za sehemu ileile ziunganishwe kwa uga wa 776.

Hatua ya 9: Usajili, rafu na mjalidi

Katika Koha, kila usajili wa jarida hufungwa kwenye rekodi moja. Fungua usajili mmoja kwa kila sehemu, hata kama malipo ni ya pamoja, ili toleo la Section B lisipofika mweze kulidai bila kugusa Section A. Kwa majarida yenye hesabu kama ile ya zamani ya Biochimica et Biophysica Acta, mfumo wa kukisia namba ya juzuu linalofuata utakosea ukiuacha uongeze moja moja. Unaweza kuuagiza uongeze kwa kumi, lakini mchapishaji hakuahidi kuruka kwa kiasi hicho daima, kwa hiyo namba ihakikiwe kwa mkono mwanzoni mwa kila mwaka.

Umiliki wa maktaba uandikwe katika uga wa 866 wa kila sehemu peke yake, kwa mfano v.39(1983)-v.52(1996), na mapengo ya kweli yaonyeshwe kwa koma. Faida ya rekodi zilizotengana huonekana zaidi katika chuo chenye matawi. Kama chuo kina kampasi ya kilimo upande wa Kabete na nyingine katikati ya jiji, hakuna kinachozuia sehemu B ya Philosophical Transactions, ambayo ni ya sayansi za uhai, ikae Kabete, na sehemu A ikae mjini. Rekodi moja ya ukoo mzima ingelazimisha maelezo marefu ambayo msomaji hayasomi.

Palipo na sehemu zote mahali pamoja, tumia namba moja ya rafu kwa ukoo wote na uongeze herufi ya sehemu mwishoni mwake. Majina yaliyobadilika ya sehemu moja yafuatane kwenye rafu, ingawa katika katalogi yana rekodi tofauti. Halafu mwandikie mjalidi maagizo kwa maandishi, usimwagize kwa mdomo. Kwenye mgongo lipigwe jina la pamoja kwa kifupi, herufi ya sehemu kwa ukubwa unaosomeka ukiwa umesimama, juzuu na mwaka. Baadhi ya maktaba huchagua rangi moja ya jalada kwa kila sehemu. Ni utaratibu mzuri maadamu mjalidi ana vitambaa vya rangi hizo vya kutosha, na kwa hali ya karakana nyingi za River Road na Industrial Area, hilo huwezi kulihakikisha kwa miaka kumi. Herufi ndiyo ya kutegemewa.

Hatua ya 10: Kugawa rekodi ya zamani

Maktaba nyingi zilihamisha kadi za zamani kwenda kwenye kompyuta kama zilivyokuwa, na kadi iliyosema "Acta Crystallographica, 1948-" ikawa rekodi moja yenye mamia ya nakala. Usiifute. Igeuze iwe rekodi ya mzazi: ifunge mwaka 1967, iongezee nyuga za 785, na uiachie nakala za majuzuu ya 1 hadi 23 tu. Kisha tengeneza rekodi za sehemu na uhamishie nakala zilizobaki, ukitumia amri ya Koha ya kuambatisha nakala kwa rekodi nyingine. Namba za msimbopau na historia ya uazimaji vitahama pamoja nazo. Shika juzuu mkononi kwa kila nakala unayohamisha, maana lebo ya zamani haikubagua A na B, na juzuu la 30 liko katika sehemu zote mbili.

Ukimaliza, ondoka kwenye upande wa wafanyakazi na ufungue katalogi ya wasomaji. Andika marejeleo kama mwanafunzi angeyaandika, "Acta Cryst C", uone kama rekodi sahihi iko juu ya orodha na kama umiliki unaonyesha 39 bila kudai kwamba kuna majuzuu yaliyopotea. Rudia kwa jina la sehemu peke yake, kisha kwa ISSN. Halafu shuka hadi kwenye rafu ukiwa na namba uliyopewa, uhakikishe juzuu lililopo hapo lina herufi hiyo ndani, kwenye ukurasa wa yaliyomo.